Mwanangu wa miaka 12 kaingia sarakasi huku Pasua, Moshi, baba yake hataki hata kusikia. Wenye uzoefu naombeni ushauri

mama_junia_moshi

Habari za jioni wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunicheka maana hii nimeandika nikafuta mara tatu.

Nina kijana wangu wa kwanza, yuko darasa la sita, ana miaka 12. Mtoto mtulivu, shuleni hana kesi, ila toka likizo ya mwezi wa sita akawa anapotea kila jioni, ukimuuliza ulikuwa wapi anasema mpirani. Sasa mpira gani huo mtoto anarudi na maranda kichwani, haya maranda ya kwa seremala, mpaka masikioni, na kaptula imepasuka katikati ya mapaja kila wiki nashona. Nikajua hapa kuna kitu.

Jumamosi iliyopita natoka zangu soko la Mbuyuni na beseni la ndizi kichwani, nikakatiza kwenye kile kiwanja karibu na kwetu, nikaona watoto wamezunguka. Nikasogea. Namwona Junia wangu amesimama mabegani kwa kijana mkubwa, na huyo kijana mkubwa naye amesimama mabegani kwa mwingine! Ghorofa tatu ya watu na wa juu kabisa ni wa kwangu, mikono kaitandaza kama anaanika shuka. Sikupiga kelele. Nilisema nikimwita ataniangalia mimi na akiniangalia ameanguka. Nikasubiri mpaka kashuka ndo miguu ikaanza kutetemeka, ikabidi nikae kwenye jiwe hapohapo na beseni langu, watu wanaona naumwa.

Usiku akanieleza yote. Kuna kaka anawafundisha sarakasi, bure, kijana wa miaka 25 hivi, anasema alikuwa na kikundi Arusha kinapiga shoo mahotelini. Baba yake kusikia tu akawaka, eti halipi ada ili mtoto akajipindepinde kama nyoka Wazungu warushe hela. Kwake huo ni uhuni, mwisho wake bangi au kuvunjika shingo, kimojawapo. Wifi yangu naye akaongeza petroli, anasema watoto wa sarakasi wananyweshwa siki mifupa ilainike ndo maana hawarefuki.

Mi niko katikati. Toka aanze huo mchezo anaamka mwenyewe kabla ya jogoo, uji anamaliza bila kufokewa, vyombo anaosha amesimama mguu mmoja (naapa). Sitaki kumvunja moyo ila sitaki pia kumuuguza. Ntajuaje kama huyo mwalimu anajua anachofanya au anabahatisha na shingo ya mwanangu? Na hayo ya siki na kutorefuka ni kweli? Samahanini kwa gazeti.

chalii_wa_sombetini

Mama Junia shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi. Pole kwa presha.

Mi nimepiga sarakasi miaka 11 hapa Chuga (Arusha). Nilianzia kwenye tairi bovu la lori tumelifukia nusu ardhini pale mtaani Sombetini, unakimbia unalikanyaga linakurusha, mpaka nikafika kupiga shoo za harusi na mahotelini. Sahivi nashika usukani, napeleka wageni porini, goti ndo liliniambia basi inatosha, ntakuja huko.

Swali lako ni zuri sana na wazazi wengi hawaliulizi, wao wanauliza atalipwa shingapi. Jibu langu ni hili: usiangalie wanavyopanda, angalia wanavyoshuka. Kupanda kila mtu anapanda, hata mwizi anapanda ukuta. Nenda siku ya mazoezi kaa mbali usijitambulishe, angalia mtoto mgeni anafundishwa nini siku za mwanzo. Ukiona mgeni wiki ya kwanza anarushwa samasoti (kupinduka hewani) mchukue mwanao mwende nyumbani. Mwalimu wangu alitufundisha kuanguka mwezi mzima, tulimchukia hatari. Kuanguka mbele unabingiria kwa bega, sio kwa kichwa, kidevu umekibana kifuani kama umeshikilia embe. Kuanguka nyuma unakunja mgongo uwe duara na mikono huitangulizi nyuma umeinyoosha, ndo hapo watu wanavunjika viwiko. Na kuanguka toka juu ya mtu, hii ndo kubwa, mnara ukianza kwenda usimng'ang'anie mwenzako, ukimshika mnaenda wote kama gunia. Unaruka kuelekea ulikokuwa unaanguka, unatua kwa miguu miwili, magoti yamelegea. Tulikuwa tunapanda mabegani makusudi ili tuangushwe.

Cha pili angalia mwalimu anasimama wapi. Mtoto akijifunza samasoti ya nyuma, mwalimu anatakiwa awe pembeni yake kabisa, mkono mmoja mgongoni chini usawa wa kiuno, mwingine nyuma ya paja, na mikono haitoki mpaka nyayo zimegusa chini. Kama yeye kasimama mbele anarekodi na simu huyo anatafuta laiki, hafundishi.

Na msikilize anaongea nini. Samasoti ya nyuma watu wanadhani siri yake ni kurusha kichwa nyuma. Ukirusha kichwa mapema huendi juu, unaenda nyuma kama gogo na unatua kwa kisogo. Unaruka juu kwanza, mikono inapanda usawa wa masikio kama unachukua sufuria juu ya kabati, ukifika juu kabisa ndo magoti yanakuja kifuani. Ukijikunja kuwa mdogo unazunguka haraka, ukijifungua mzunguko unapoa na unaona ardhi inakuja. Sasa mwalimu anayejua utamsikia anapiga kelele "juu, juu, juu kwanza". Asiyejua anasema "usiogope, jirushe tu". Hilo neno jirushe tu limepeleka watu wengi hospitali.

Sasa kuhusu mwanao juu ya ghorofa tatu. Wewe si umesema ulikuwa na beseni la ndizi kichwani? Hebu fikiri, pale unapotembea nani anasawazisha, wewe au beseni? Beseni limetulia tu kwenye kata lake, shingo yako na kiuno chako ndo vinacheza bila hata wewe kujua. Beseni lingekuwa na akili yake likaanza kujirekebisha lenyewe, ndizi zote zingekuwa barabarani. Sarakasi ni hivyohivyo. Wa juu hasawazishi kitu, wa juu kazi yake ni kukaza mwili, tumbo, makalio, mapaja, kuwa mti. Wa chini ndo anayesikia uzito umehamia wapi na kuufuata, kwa nyayo na magoti, vitu vidogo mno huwezi kuviona ukiwa pembeni. Mtoto asiyefundishwa akiwa juu anatapatapa, mikono inapiga kama kuku, na akifanya hivyo anamvuruga wa chini. Wewe umesema wa kwako alitandaza mikono kama anaanika shuka. Mama, huyo kafundishwa. Na wewe kunyamaza ulifanya la maana kuliko wote waliokuwepo pale.

Wale ndugu wawili wa Dar, Ramadhani Brothers, wanaosimama kichwa juu ya kichwa, watu wanamshangilia wa juu maana miguu yake iko hewani. Mi namwangalia wa chini. Jamaa anapanda ngazi na binadamu mzima kichwani kasimama kwa kichwa! Wale mwaka 2024 walishinda shindano kubwa la vipaji Marekani, America's Got Talent Fantasy League, wakaondoka na dola 250,000. Mwambie baba Junia hiyo ndo hela ya kujipindapinda.

Ila sitaki nikudanganye kwamba ni asali tupu. Kuna hoteli moja, jina naliacha, tuliitwa kupiga shoo pembeni ya swimingi, chini vigae, na vimetoka kupigwa deki muda uleule. Kiongozi wetu aliona kabisa panateleza lakini hela ilishaliwa nusu, akasema twendeni tu tutakanyaga polepole. Mi ndo nilikuwa wa chini, watu wawili juu yangu. Mguu wa kulia ukaenda pembeni kidogo tu, kama hatua ya mtoto, goti likabaki. Nilisikia ta! Wa juu walishuka salama kwa sababu walijua kuanguka, mi wa chini hakuna anayenifundisha kuanguka nikiwa nimebeba. Wageni wakapiga makofi wakadhani ndo mwisho wa shoo.

Kwa hiyo muulize huyo mwalimu na hili: watoto wanapelekwa shoo? Usiku? Hela anashika nani? Na sakafu nani anaikagua? Akikasirika kuulizwa umepata jibu lako.

mtoto_wa_kiboriloni

Siki ni kweli jamani mi nilikua na jirani yetu alikua anajikunja anaingia kwenye dumu la maji lile la lita 60 na mama yake alikuwa ananunua siki kila wiki dukani kwetu

chalii_wa_sombetini

@mtoto_wa_kiboriloni mama yake alikuwa anatengeneza achari bhana 😂😂

mtoto_wa_kiboriloni

Sasa umenikumbusha kweli walikua wanauza achari 😂 ila bado nasema yule hakuwa na mifupa

dada_wa_viungo

Nimecheka mpaka nimeshindwa kula. Mi nafanya kazi ya fiziotherapia, watoto wa mpira na wa sarakasi napokea wote, na niwaambie ukweli wa mpira ni wengi zaidi ila hakuna baba anayemkataza mtoto mpira.

Dada, siki haiendi kwenye mifupa. Ukiinywa inaingia tumboni kama chakula kingine, na tumbo lenyewe lina asidi kali kuliko hiyo siki. Anachopata mtoto ni kiungulia na meno kuharibika. Ulaini wa wale watoto ni mazoezi ya kila siku kwa miaka, misuli na mishipa ya fahamu inazoea kuvutwa taratibu inaacha kugoma. Wapo pia wanaozaliwa na viungo vilivyolegea, wale ambao dole gumba linalala mpaka kwenye mkono. Hao watu huwashangilia sana, lakini mi ndo naowaogopea zaidi maana wanahitaji kukazwa misuli na watu wanazidi kuwavuta.

La kutorefuka nalo sio kweli. Wafupi wanabaki kwenye mchezo kwa sababu mwili mfupi unazunguka kirahisi na ni mwepesi kubeba, warefu wanaacha wanaenda kwenye kikapu. Ni kama kusema kucheza basketi kunarefusha watu.

Kinachonipa wasiwasi kwa umri wa Junia ni kingine. Miaka 12 mifupa bado inakua, na pale inapokulia, kwenye ncha zake, ni laini kuliko kwingine. Kwenye kusimama kwa mikono uzito wote unashukia viganjani. Akikwambia kifundo cha mkono kinauma siku moja, kapumzika kesho kapona, sawa. Kikiuma wiki nzima, au ukikibonyeza anaruka, apumzike kabisa kazi za mikono na apelekwe akaonwe, msimkande na maji ya moto mkaendelea.

Halafu msamba. Nimewahi kuona kwa macho yangu mwalimu kamkalia mtoto mgongoni ili msamba ufike chini, mtoto analia na wenzake wanahesabu mpaka hamsini. Hilo ukiliona hata kama mwalimu ni rafiki yako ondoka na mwanao. Msuli uliolazimishwa unachanika kule juu kwenye kalio, na kidonda cha pale ni miezi. Msamba unaingiwa mwili ukiwa wa moto, unashuka mpaka pale panapovuta sio panapochoma, unapumua, kesho tena. Nyie wa Moshi mna bahati ya joto, huku Arusha mwezi wa saba asubuhi mtu amevaa masweta mawili halafu anataka apige msamba, nawapata wengi sana kipindi hicho.

Na hili waambie watoto wote pale uwanjani, sio Junia tu. Mwenzao akianguka kwa kichwa au shingo, hainuliwi, hatingishwi, hamwagiwi maji, na jamani hapakiwi kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Anaachwa hapohapo alivyolala, mtu mmoja anamshikia kichwa kisigeuke, mwingine anakimbia kuita mtu mzima na gari ambalo anaweza kulazwa amenyooka kwenye kitu kigumu, hata mlango. Mko karibu na hospitali ya KCMC, dakika kumi za kusubiri gari sahihi sio nyingi.

La mwisho, angalia mtoto akisema "leo siruki" anajibiwaje. Simone Biles, yule Mmarekani wa jimnastiki, kule Olimpiki ya Tokyo 2021, mwanamke ambaye ameshinda kila kitu, katikati ya fainali ya timu alijitoa kwa sababu akiwa hewani alikuwa hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Siku chache baadaye akarudi kwenye kile kibao chembamba cha kutembelea akachukua shaba. Kama yeye aliruhusiwa kusema leo hapana, na mtoto wa Pasua aruhusiwe bila kuitwa muoga.

mzee_wa_kifodi

Watoto hamjambo. Mi nitaongea na baba Junia, mama mpe simu asome mwenyewe.

Mzee mwenzangu, hili neno uhuni tulilitumia kwa muziki, tukalitumia kwa mpira, leo wote tunatamani watoto wetu wawe wanasoka. Sarakasi ya nchi hii haikuanzia vijiweni. Miaka ile ya 60 ni serikali yenyewe, ya Mwalimu Nyerere, iliyochagua vijana wadogo wakapelekwa Uchina kusomea sarakasi, kusomea kabisa kama wanavyosomea udaktari, miaka minne. Walivyorudi 1969 likaundwa kundi la sarakasi la taifa. Wanapanga viti mnara mmoja anapanda juu, wanazungusha sahani kwenye vijiti, vitu ambavyo sisi huku tulikuwa hatujaviona. Baadaye kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981, hicho ndicho sasa hivi kinaitwa TaSUBa, mtoto anaingia anatoka na cheti. Kwa hiyo hawa vijana mnaowaona mahotelini Arusha, ukifuatilia nani alimfundisha nani utarudi nyuma mpaka kwa wale wa Uchina, wengi wao.

Sisi tulipoona picha yao gazetini tulienda kujaribu shambani kwa babu kwenye majani makavu ya migomba. Mi nina jino la bandia mpaka leo. Hatukuwa na mwalimu, na hapo ndipo ilipo tofauti. Ukimkataza atafanya kwa kujificha kama sisi, na kwenye kujificha hakuna wa kumshika kiuno.

Sisemi umruhusu. Nasema nenda kaone kwanza ndo ukatae.

mama_junia_moshi

Jamani asanteni, Mungu awabariki, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na habari.

Baba Junia nilimpa simu akasoma yote kimya, alipofika kwa mzee wa kifodi akasema "huyu mzee ana maneno" akanirudishia simu. Kuja na mimi kakataa. Basi Jumatano nikaenda peke yangu, nikakaa kwa mama mmoja anayekaanga mihogo pembeni ya kiwanja, nikala mihogo ya mia tano kwa saa nzima.

Nimeona haya. Walikimbia kwanza, wakajinyoosha, wakarukaruka, kama nusu saa hivi mpaka wamelowa. Halafu kubingiria, mmoja mmoja, mwalimu amepiga goti pembeni na kila mtoto akipita anasema neno moja tu, "kidevu". Kidevu, kidevu, kidevu, mpaka na mimi pale kwenye mihogo nikawa nimebana kidevu. Mama muuza mihogo akaniambia hiyo anaisikia kila siku, hata mjukuu wake wa miaka minne akijikwaa anasema kidevu.

Samasoti walifanya wawili tu, wakubwa, na mwalimu mkono mgongoni kama chalii alivyosema, mpaka nyayo zimegusa. Kuna kasichana ka kama miaka tisa kalitakiwa kupanda mabegani, kakafika magotini kwa mwenzake kakasema sitaki. Nikatega sikio. Mwalimu akamwambia "haya shuka, leo shika namba za wenzako", akampa kazi ya kuhesabu. Hakuna aliyemzomea.

Ila na mabaya nimeyaona. Maranda yamekwisha, yamebaki kama chumvi kwenye mboga, mtoto akibingiria unasikia mgongo unagonga chini. Na lile tairi wanalorukia limechakaa waya zimetokeza ubavuni, waya kabisa za chuma. Na nilipomuuliza mwalimu kama ana namba ya simu ya mzazi hata mmoja akasema hana. Nilijitambulisha mwishoni, akanisalimia vizuri tu shikamoo mama, akakaa chini ndo tukaongea. Shoo anasema wadogo hawapeleki mpaka mzazi akubali kwa maandishi na usiku hapana. Nilivyomuuliza sakafu anaikagua nani akanyamaza, akaniangalia, akasema "mama nani kakwambia hiyo". Nikamwambia nina watu Arusha.

Kuhusu maranda akasema zamani seremala walikuwa wanawapa bure, siku hizi wafuga kuku wa broila wanayanunua kwa gunia kwa ajili ya kutandika bandani, wao wanabaki na ya kuokota.

Sasa sikilizeni. Juzi baba Junia kakutana na rafiki yake fundi seremala, fundi akamuuliza "eti shem anaendeleaje na kuku?" Kuku gani? Kumbe Junia kila Ijumaa alikuwa anaenda kufagia karakana ya yule fundi bure anaondoka na maranda gunia, fundi akajua nimefungua banda na mtoto ananisaidia! Tena kamsifu, mtoto mchapakazi, kuku wake watakuwa wanapendeza. Baba Junia hakujua acheke au akasirike. Alirudi nyumbani akamwita Junia, akamwambia "nioneshe hao kuku wako". Mtoto akajua kafa. Akasimama kwa mikono pale sebuleni, mbele ya televisheni. Nilihesabu moyoni, ishirini na tatu. Baba yake akaangalia miguu ilivyonyooka, akasema "soksi chafu hizo" akaendelea na taarifa ya habari.

Mpaka sasa hajasema ndiyo. Kasema ghorofa tatu hataki, ghorofa mbili atafikiria, na ripoti ya shule ikishuka hata namba moja basi. Kwangu hiyo ni ndiyo.

Swali la mwisho sasa, wazazi watatu tumeongea tunataka tuchange kidogo. Godoro jipya hatuliwezi. Tufanyeje pale chini?

chalii_wa_sombetini

Hahaha nina watu Arusha 😂 mama Junia wewe ni noma. Huyo mwalimu kapita mikononi mwa mtu anayejua, hiyo kidevu naijua inakotoka.

Godoro msinunue jipya, na la mtu mmoja laini ndo baya zaidi, mguu unazama kifundo kinageuka. Tafuteni viroba vya unga au vya mchele, shoneni viwili viwili. Jazeni maranda yaliyochanganywa na vipande vya sponji, mafundi wa makochi pale mjini wanavyo kibao na wengi wanavitupa. Msijaze mpaka kiwe jiwe, ukikikanyaga kirudi kidogo. Vipangeni kama matofali viwe vimepishana, visiwe na ufa katikati maana mguu wa mtoto unautafuta ule ufa. Juu tandikeni turubai kuukuu, livuteni libane, kwenye kona kamba na vigingi vikae mbali na wanapotua. Jioni mnakunja mnaweka kwa mama wa mihogo, mvua ikilowesha maranda yanaoza na yananuka vibaya.

Tairi dogo la gari ndogo ni zuri kwa watoto kuliko la lori, la lori linawarusha sana. Nendeni kwa mafundi wa pancha watawapa bure. Hilo la zamani msilifukie tena, litoeni kabisa. Na kama halitoki leo, basi leohii mtu aende na koleo azikate hizo waya, watoto wasirudi pale zikiwa hivyo.

dada_wa_viungo

Na namba za wazazi ziandikwe kwenye karatasi ibaki kwa mama wa mihogo, maana yeye yupo kila siku.

mama_junia_moshi

Koleo ninalo la baba Junia. Natoka sahivi kabla hajarudi.